Tupatane juu ya mahali pa kukimbilia kabla ya mvua



Wengi wenu mlikimbia vita mkajenga mahali mlipopewa, mara nyingi kando ya mto. Kwa hiyo mvua kubwa inawafikia ninyi kwanza.

Tukumbuke Kalehe, Kivu Kusini. Tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa Alhamisi, siku ya soko pale Nyamukubi. Mito ilishuka mlimani na mawe na matope, ikabomoa Nyamukubi na Bushushu. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengi hawakuonekana tena.

Mto hutoa dalili. Maji yakigeuka matope na kuleta matawi, hata kama kwenu jua linawaka, huko juu mvua inanyesha. Na yakipungua ghafla wakati wa mvua, msifurahi: huenda udongo umeporomoka na kuziba mto, na siku ukizibuka maji yatakuja yote pamoja. Ondokeni mara moja. Usiku simu nyingi hazina moto, basi chagueni firimbi au ngoma itakayolia kwa hatari tu. Mpatane pia nani atambeba mzee wa jirani.

Sisi wa mashirika nasi tuna kosa letu. Mwaka mmoja turubai zilikuwa ghalani, na ufunguo ulikuwa kwa mwenzetu aliyekuwa safarini. Familia zililala siku mbili mvuani. Sasa ufunguo wa pili unakaa kwa kamati.

Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni ule mlima tutakaoukimbilia, maana una mwenyewe. Usiku wa kwanza atawapokea kwa huruma. Wiki ya pili mihogo yake imekanyagwa, kuni zimeisha, choo kimechimbwa katikati ya shamba, na maneno yanaanza: "hawa wageni". Hapo mafuriko yamegeuka ugomvi wa kabila na kabila. Nimeyaona hayo, na turubai hazikusaidia kitu.

Tuzungumze naye sasa, ardhi ikiwa kavu. Watu watakaa siku ngapi? Choo kitachimbwa wapi? Mazao yakiharibika, nani atalipa? Iandikwe mbele ya chifu, na mashahidi wa pande zote mbili, akina mama wakiwemo. Msaada ukifika, mwenyeji aliyepoteza shamba naye awe kwenye orodha.

Mvua zinarudi mwezi wa 9. Wenye mashamba ya juu wako hapa, wameketi kule nyuma. Nawaomba wasogee mbele, tuanze nao.