Tarehe ya Ng'ombe Iandikwe

Nyumbani huyu yuko shamba, yule kisimani, watoto shuleni. Ukiuliza ng'ombe alipandwa lini, utajibiwa, "Ah, wakati wa palizi." Palizi ipi sasa, ya kwanza au ya pili?

Basi chukueni mkaa, andikeni tarehe ukutani bandani, mvua isipofika. Hesabuni siku 21 hivi. Akirudi kwenye joto, hakushika mimba. Apelekwe kwa dume siku ileile, maana joto halingoji kesho kutwa. Asiporudi, tazamieni ndama kwenye siku 280 hivi. Miezi miwili kabla ya hapo acheni kumkamua. Hapo ndipo wengi husahau, wakakamua tu, ng'ombe akazaa amekonda. Na anayekamua ndiye aandike, hata akiwa mtoto; yeye humwona kila asubuhi.