Waya Ipitayo Katika Kioo

Leo twapenda kuwaeleza habari za kitu kidogo ambacho bila hicho taa ya umeme isingedumu.

Itazameni taa ya umeme ya namna ya zamani, yenye uzi mwembamba ndani ya tufe la kioo. Hewa imeondolewa ndani yake, maana uzi ule ukiwaka na hewa ikaufikia, huungua mara moja. Walakini umeme hauna budi kuingia kwa waya, na waya hupita katika kioo. Je, twawezaje kupitisha waya tusipitishe hewa?

Shida ni hii: vitu vikipata moto hutanuka, na vikipoa hunywea, lakini si kwa kipimo kimoja. Waya ya shaba yenye urefu wa meta 1, ikiongezewa moto wa digrii 100 za sentigredi, huzidi kwa milimeta 1.7 hivi, na ya chuma 1.2. Kioo cha kawaida cha urefu huo huzidi kwa 0.9 tu. Basi waya nene ya shaba ikipoa ndani ya kioo hunywea kuliko kioo, ikajitenga nacho, na hewa ikapata njia.

Mafundi wa kwanza walitumia platini, kwa kuwa hutanuka karibu sawa na kioo. Lakini platini ni ya thamani kubwa mno. Taa ya watu wote isingefaa kuitegemea.

Ndipo Charles Édouard Guillaume, mtaalamu wa Uswisi aliyefanya kazi katika ofisi ya vipimo ya mataifa huko Sèvres, karibu na Paris, alipochunguza chuma kilichochanganywa na nikeli. Mwaka 1896 aliona kwamba nikeli ikiwa sehemu 36 katika 100, mchanganyiko hautanuki ila kidogo sana. Ikifika 46 hivi, hutanuka kama platini. Mwaka 1920 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Huko Marekani, karibu na mwaka 1912, Colin Fink alitengeneza waya yenye moyo wa chuma na nikeli, na ngozi ya shaba. Moyo hutanuka kidogo kuliko kioo, ngozi hutanuka zaidi. Vikiungana hukaribia kipimo cha kioo, na shaba hushikamana nacho vema. Waya ya namna hiyo yatumika hata leo.

Basi, ninyi wanafunzi, mkiona taa inawaka, kumbukeni kwamba kioo na waya havikushindana nguvu: vilipatanishwa kwa kupimwa.