Picha ya kijana wa Piana-Mwanga: tumekuja kuomba radhi

Hotuba ya harakati yetu mbele ya wazee na vijana, Piana-Mwanga, jimbo la Tanganyika



Tumetoka Kalemie kwa moto, vumbi imetuingia mpaka kwenye meno, na hatukuja kuomba kura wala kuandikisha watu. Tumekuja kwa sababu ya picha moja. Wengi wenu mnaijua. Kijana wa hapa amesimama juu ya jiwe, nyuma yake maji ya Luvua, mkononi bunduki. Picha hiyo ilipigwa na mwenzetu. Ilitangazwa na sisi. Na mabaya yaliyomfikia yule kijana yalianzia kwetu. Jina lake hatutalitaja leo, na tutakapoweka maneno haya kwenye ukurasa wetu hatutaliweka pia. Ni yeye mwenyewe ametuomba hivyo, na safari hii tumemsikiliza.

Tuwaeleze ilivyokwenda.

Huko Kalemie tuko na grupe ya WhatsApp ya wapenda picha. Wengi wetu tumemaliza masomo ya juu, diplome ziko ndani ya plastiki chini ya kitanda, kazi hakuna. Basi siku ya posho tunapiga picha za ndoa, siku ya Mungu picha za ubatizo. Ndani ya grupe tunabishana juu ya Canon na Nikon, nani ameuziwa lenzi yenye ukungu ndani, namna gani simu ndogo ya Tecno inaweza kupiga ziwa jua likitoka na watu wakafikiri ni kamera kubwa. Ni mahali pa kucheka. Toka mwanzo msimamizi aliandika: hapa hakuna siasa. Sheria hiyo ilidumu mpaka mwezi wa kwanza 2025.

Kiangazi cha 2023 mwenzetu mmoja alipita hapa. Watu wa mjini wanajua jina la Piana-Mwanga kwa sababu ya santrali ya umeme ambayo Wabelgiji wa Géomines walijenga kwenye Luvua kwa ajili ya bati ya Manono, na ambayo wakati ule ilikuwa imekaa miaka na miaka bila kutoa umeme. Mitambo imelala, maji yanapita: mpiga picha gani hatapenda? Lakini katika inchi hii kupiga picha ya daraja, bandari, uwanja wa ndege ao baraji ni kutafuta matatizo. Kila mwenye kofia atakuuliza nani amekutuma. Akarudisha kamera ndani ya mfuko. Ndipo akamkuta kijana anarudi kuwinda na bunduki ya babu yake, ile ya kushindilia baruti kwa mdomo. Akamwambia: simama pale, inua kidogo, angalia mbali. Kijana akafanya. Aliangalia picha kwenye kioo cha kamera, akacheka, akaomba atumiwe. Hakutumiwa.

Picha ililala mwaka na nusu. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 M23 wakisaidiwa na jeshi la Rwanda wakachukua Goma, katikati ya mwezi wa pili wakachukua Bukavu. Watu wa Uvira na Fizi walikuwa wanashuka Kalemie kwa mitumbwi na magodoro yao, na usiku hakuna aliyelala mbali na simu yake. Ndani ya grupe watu wakaanza kuweka picha za bunduki. Wazalendo na bunduki, askari na bunduki, hata jamaa ambaye hajawahi kuchinja kuku akaweka bunduki kwenye picha yake ya profili. Mwenzetu akakumbuka picha yake ya Luvua. Akaiweka, akauliza kitu kimoja tu: mnaonaje mwanga?

Kabla ya kuja tumesoma upya mazungumzo yale yote. Inauma. Maneno ya kwanza yalikuwa juu ya lenzi: ni milimita 50 ao 85, nyuma imefifia vizuri, ngozi imetoka na rangi yake. Halafu mmoja akajifanya fundi wa silaha, akasema ile ni Kalashnikov. Mwingine akasema hapana, ni FAL ya Wabelgiji. Wandugu, bunduki ile haina hata kasha la risasi! Iko na mtutu mmoja mrefu na mti uliofungwa waya. Mtoto wa hapa angeitambua toka mbali. Lakini mtu wa mjini akiangalia simu anaona mtutu, anaona kijana, basi. Kisha mmoja akauliza: huyu ni wa upande gani? Toka hapo hakuna aliyezungumza tena juu ya mwanga. Wakatukanana juu ya serikali, juu ya kuzungumza na waasi ao kutozungumza, juu ya nani ni Mukongomani wa kweli. Mmoja alimwita mwenzake Munyarwanda kwa sababu ya pua yake. Ndiyo, pua. Watu ambao wiki iliyotangulia walikuwa wanaazimana betri.

Usiku ule mtu akaikata picha, akaondoa mto, akaandika juu yake: waasi wamefika Tanganyika. Na sisi, harakati ya raia, sisi tunaolalamika kila siku kwamba wakubwa wanatudanganya, asubuhi tukaiweka kwenye ukurasa wetu na maneno makali ya kuuliza serikali iko wapi. Hatukuuliza nani aliipiga. Na aliyeipiga alikuwa ndani ya grupe moja na sisi! Tulitaka tu kuwa wa kwanza. Tuliiondoa jioni, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Ilikuwa imeshafika kwenye simu ambazo hatuzijui.

Siku chache baadaye kijana alisimamishwa kwenye bariera. Aliyemsimamisha alikuwa na picha mkononi. Siku nne kijana akalala mahali ambapo hakuna mtu analala kwa kupenda. Mama yake akauza mbuzi wawili na mashini ya kushona ili atoke. Bunduki ya babu haikurudi. Hatutaeleza zaidi, familia haitaki. Na wale wa bariera tutawalaumu siku nyingine na mahali pengine. Leo zamu ni yetu.

Tulipofika, mzee mmoja ametuuliza: kwa nini basi msiache hiyo kamera? Tumemjibu vibaya, tulikuwa tumechoka. Mzee, turuhusu tujaribu tena.

Lugha yetu inasema kupiga picha, inasema kupiga risasi. Vitu hivi viwili vimekutana mara nyingi katika inchi yetu, na si kila mara kwa ubaya. Wakati wa Leopold, askari walidaiwa mkono wa mtu kwa kila risasi waliyotumia. Mwaka wa 1904, huko Baringa, mke wa mmisionari wa Kiingereza, Alice Seeley Harris, alipiga picha ya baba anayeitwa Nsala, amekaa kwenye baraza, mbele yake mkono na mguu wa binti yake. Hicho tu ndicho alichokuwa amebaki nacho. Picha hiyo ilitembezwa Ulaya na Marekani, na ni moja ya vitu vilivyomfanya Leopold anyang'anywe Kongo mwaka wa 1908. Haikuwa na bunduki ndani yake hata moja. Ilikuwa na jina la baba.

Tuje karibu. Mwezi wa pili 2003, Thomas Lubanga alitembelea kambi ya Rwampara huko Ituri, na kulikuwa na mtu anachukua video. Ndani yake mnaona watoto kati ya wapiganaji. Waliokuwepo labda walifikiri ni kumbukumbu nzuri ya sikukuu. Video ile ilionyeshwa La Haye, na mwezi wa tatu 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ikamkuta Lubanga na kosa la kuingiza vitani watoto wa chini ya miaka 15. Akapewa kifungo cha miaka 14. Na mwaka wa 2018, Bukavu, mahakama ya kijeshi ilipokea picha zilizopigwa na programu ya simu inayofunga ndani ya picha siku, saa na mahali, bila mtu kuweza kuvibadilisha. Wakuu wawili wa FDLR wakahukumiwa kwa mauaji waliyofanya vijijini mwaka wa 2012. Ilikuwa simu tu, kama hizi zetu.

Kwa hiyo, mzee, kamera hatutaiacha. Ila kuna vijana wanaotusikiliza hapa, na wengine watatusoma huko Kalemie, Moba, Manono, ambao wanaomba Wazalendo bunduki dakika mbili wapigwe picha. Tunawajua, wengine ni wadogo zetu. Kama hujafika miaka 18, sheria ya 2009 ya kulinda mtoto inakataza mtu kukuingiza katika kundi la silaha, na picha yako siku moja itamsumbua aliyekupa ile bunduki. Lakini kabla jaji hajaiona, adui ataiona, na mtu wa bariera pia. Kijana wa hapa hakuwa na jeshi lolote. Mnakumbuka 2016 na 2017, wakati Batwa na Baluba wanauana Nyunzu, Kabalo, Manono: mtu akikutwa na mshale mkononi, nani alimuuliza kama anaenda kuwinda?

Jambo lingine dogo, watu wengi hawalijui. Picha ya simu mara nyingi inabeba ndani yake mahali ilipopigwa, mpaka jiwe ulilosimamia. WhatsApp ikituma picha kwa kawaida inafuta maandishi hayo. Ukiituma kama dokumenti yanabaki. Kwa ushahidi, hiyo ni nzuri sana. Kwa kijana aliyesimama karibu na kambi ya askari, ni kumwonyesha adui njia. Na sheria ya 2023 juu ya mambo ya intaneti inaadhibu aliyeanzisha habari ya uongo juu ya mtu na pia aliyeisambaza. Sheria hiyo sisi tumeikosoa, kwa kuwa inatumiwa kutisha waandishi wa habari. Lakini kwa picha hii, mwenye kosa alikuwa sisi.

Ndani ya grupe sasa, mwenye kuweka picha ya mtu anaandika nani, wapi, lini, na kama mwenyewe amekubali. Picha ya asili inawekwa na watu wawili, bila kukatwa. Bunduki ya kupozi hapana. Siasa tumeiruhusu. Kuikataza ndiko kulikotudanganya: ilikuwa imejificha nyuma ya lenzi, inangoja. Hatuelewani wote. Wengine wametoka, wanasema tunawafungia macho Wazalendo wanaokufa kwa ajili ya inchi wakati hatuna ujasiri wa kwenda. Kuna ukweli katika maneno hayo, na bado tunabishana nao, siku nyingine mpaka usiku.

Picha ile kwenye ukurasa wetu tumeirudisha nzima, na mto wake, uso umefichwa, na maandishi kwamba tulisema uongo. Iliyo nzima kabisa tumeichapisha kwenye karatasi. Iko hapa ndani ya bahasha. Ni ile aliyoomba mwaka wa 2023. Tutampa mkononi mwake, na kama hataki kuiona tena, aichome hapa mbele yetu. Mashini ya kushona iko kwenye moto ya pili, inafika kabla ya jua kushuka kama pancha haikumkamata dereva. Mbuzi mmoja tumelipa, wa pili bado. Tumeandika karatasi na mama ameitia kidole.

Sasa ni nafasi yenu ya kutuuliza. Mzee, anza wewe.