Nani Amekula Kuku wa Mama?

(Mazungumzo yaliyosomwa redioni)

Leo twasema hasa na ndugu zetu wa Ogwedhi, kule Migori inakopakana na Trans Mara, na wote hadi Homa Bay wanaofuga kuku wachache nyuma ya jiko.

Mtu akisema kuku ni kitu kidogo, huyo hajawahi kuwa mama mjane mwezi wa Januari. Kuku ndiye daftari la mtoto, ndiye nauli ya hospitali, ndiye kitoweo cha mgeni aliyekuja bila taarifa. Sasa mfikirie mama huyo ameamka alfajiri, anahesabu, na kuku wanne hawapo. Ni nini kinachomjia kwanza? Ni jina la kijana wa jirani. Na mahali pa mpakani, wanapokaa Wajaluo, Wamaasai na Wakuria, jina hilo laweza kuwa la mtu wa kabila lingine. Ikifika saa nne, maneno yamekwisha kufika sokoni. Ujirani wa miaka mingi umevunjika, na huenda mwizi mwenyewe amelala shimoni, na ana mkia.

Kwa hiyo, mama, kabla hujataja jina la mtu, inama utazame chini. Mwizi wa miguu miwili huvunja kufuli au hufungua mlango, na kwa kawaida haachi damu wala rundo la manyoya. Nyegere huacha fujo: hufukua chini ya ukuta, hung'oa ubao, huua kuku wengi kuliko awezavyo kula. Kanu hupanda na kuingia juu, penye upenyo kati ya ukuta na paa. (Nasema kanu mnyama, si chama, tena ajabu ya maneno, chama kile alama yake ni jogoo.) Vifaranga wakitoweka bila hata unyoya mmoja, fikiri nyoka au panya. Na ukimkuta kuku amekufa juu ya mayai yake, nyama imeliwa pale pale na mifupa imebaki, hao ni siafu.

Huyo wa mwisho hunihuzunisha kuliko wote. Kuku huatamia siku 21, na usiku haoni vizuri. Siafu wakija, mara nyingi hakimbii. Hukaa.

Katika Luka sura ya 13, Bwana Yesu aliambiwa aondoke upesi kwa sababu Herode alitaka kumwua. Akamwita Herode mbweha. Kisha, kabla mazungumzo hayajaisha, akajifananisha mwenyewe na kuku anayetaka kuwakusanya watoto wake chini ya mabawa. Wengi wetu twakumbuka mabawa na kumsahau mbweha, lakini wote wawili wamo katika habari moja. Hakujifananisha na simba pale. Kila mfugaji ajua kuku hana meno ya kumshinda mbweha. Alicho nacho ni mwili wake, na mbweha hana budi kuanza na huo. Nao watoto wa Yerusalemu walikataa kuingia, kama yule kuku wako mkaidi anayelala juu ya mti, ambaye kanu humfuata huko huko.

Basi huyo mkaidi afundishwe. Mwagie mtama kidogo ndani ya banda jioni, siku chache mfululizo, naye atazoea. Banda lenyewe liinuliwe juu ya nguzo, kama mita moja hivi. Chukua debe kuukuu, lipasue, ulizungushie kila nguzo. Kucha hazishiki bati laini. Miguu ya banda isimame katika makopo yenye oili chafu, nao siafu hawatapanda, ila usiache jani wala kamba iwe daraja. Ziba upenyo wa juu, kwa maana penye kupita kichwa cha kanu, mwili nao hupita. Kama banda liko chini, fukia waya imara au mawe sentimita 30 kuzunguka ukuta, ili nyegere achoke. Waya mwembamba wa kuku huwazuia kuku wasitoke, nyegere huupasua.

Sumu usitege. Mnyama atakufa, ndiyo, na baada yake mbwa wako, na tai watakaokula mzoga, na Mungu apishe mbali, mtoto anayeokota kila kitu. Tena kanu huyo unayemchukia hula panya wa ghala lako.

Ila debe, waya na oili havina faida kama mlango uko wazi. Wengi hupoteza kuku kwa sababu mtoto aliyetumwa kufunga alipita mahali akacheza. Afadhali kazi hiyo iwe ya mtu mmoja anayejulikana, ahesabu kwanza, kisha afunge, jua linapozama na si baada ya chakula.

Na yule mama aliyekwisha kulitaja jina la kijana wa jirani? Aende kwao leo, akaseme nao. Wamwonyeshe watoto wao zile nyayo, kama hazijafagiliwa. Asikae sana tu, maana saa kumi na mbili na nusu kuna mlango wa kufunga.