Dawa ya Mende Baadaye, Kwanza Funga Maji

Ukishuka kituo chochote kikubwa cha daladala hapa Dar es Salaam, hukosi kumsikia yule kijana wa kipaza sauti: dawa ya mende, dawa ya panya, dawa ya kunguni. Wateja anao, na wengi ni wale wale wa mwezi uliopita. Mimi sina ugomvi naye, anatafuta riziki. Ugomvi wangu ni na sisi tunaonunua chaki ya mende wakati kinachohitajika ni washa ya koki.

Mchukulie mende mdogo wa jikoni, yule wa kahawia mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa. Akipata maji, anaweza kumaliza karibu mwezi mzima bila kula kitu. Mnyime maji, hata umwachie makombo ya ugali, wiki mbili hazimwachi salama. Ndiyo maana unapiga deki, unafunika vyombo, unachora chaki mlangoni, na bado ukiwasha taa usiku wa manane unawaona wanakimbilia pale pale, chini ya sinki.

Sasa fungua kabati la hapo chini. Nyumba nyingi utakuta kopo la majarini limetegwa kwenye kiungo cha bomba, limejaa nusu, maji yana utando juu. Ukiuliza unaambiwa, "Aa, hiyo tumeshaikinga." Kweli, sakafu hailowi. Ila mende wamewekewa birika kama mifugo. Na kopo la namna hiyo likiwa uani au bafuni, anakuja mbu mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, msambazaji wa homa ya dengi iliyotuhangaisha jijini mwaka 2014 na tena 2019. Huyo hutaga mayai kwenye ukingo wa chombo, juu kidogo ya maji. Ukimwaga maji bila kusugua, mayai yanabaki yamegandia, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi, yakiloa tu yanaanguliwa.

Kuutafuta uvujaji wenyewe kuna ushauri mmoja maarufu: funga koki zote, soma mita, ngoja saa moja, soma tena. Ni ushauri mzuri kwa mtu ambaye maji yake hayakatiki. Sisi wa mgao, siku maji hayatoki mita imelala, utajiona uko salama kumbe wapi. Kwa hiyo pima siku maji yanatoka, tena usiku majirani wakiwa wamelala, maana hapo ndipo presha inapanda. Hakikisha simtanki limejaa na boya limefunga. Kisha tazama kile kigurudumu kidogo kwenye uso wa mita. Kikizunguka wakati hakuna koki iliyo wazi, maji yanakwenda mahali.

Lakini mita inaishia kwenye simtanki. Yanayovuja kati ya tangi na chumbani haiyaoni siku ile ile. Hapo tumia fito. Kabla ya kulala funga maji yanayoingia, chovya fito mpaka chini ya tangi, weka alama mahali palipoloa. Alfajiri, kabla mtu hajachota hata kata moja, chovya tena. Kama maji yameshuka, mshukiwa wa kwanza ni choo. Koroga bluu ya kufulia nguo, mimina kwenye tangi la flashi, na kwa nusu saa asivute mtu. Bluu ikionekana kwenye bakuli la choo, mpira wa ndani umechoka. Choo kikiwa kizima, pita ukutani: rangi iliyovimba, chumvi nyeupe, au vile vinjia vya udongo vya mchwa vinavyopanda kutoka sakafuni. Mchwa anapenda unyevu kuliko anavyopenda mbao zako.

Kuna atakayesema tone ni tone tu. Tone moja kila sekunde, kwa mwaka ni maelfu ya lita. Hayo ni madumu chungu nzima ya lita 20, na dumu hilo hilo siku ya shida unalinunua kwa bwana wa mkokoteni bila kulalamika.

Panaponiumiza kichwa zaidi ni nyumba za kupanga. Koki ya uani inadondosha maji tangu Ramadhani, bili inagawanywa kwa vyumba, na kila mmoja anamngoja mwenzake. Mpangaji anasema nyumba si yangu. Mwenye nyumba anasema bili silipi mimi. Panya wa mtaa mzima wanakunywa hapo. Kwa maoni yangu hili halina mjadala: mwenye nyumba, bomba ni lako, washa ni ya kwako kununua. Na wewe mpangaji, usingoje ukuta uoze ndipo useme. Mpigie leo, kubalianeni kabla fundi hajaja kwamba gharama itakatwa kwenye kodi, na lile kopo la chini ya sinki ulimwage na kulisugua usiku huu huu.