Huzuni haiharibu maziwa ya mama

(Muziki wa kufungua kipindi. Unapungua polepole.)

MTANGAZAJI: Leo mkunga wetu anazungumza na mama wanaonyonyesha, na wote wanaoishi nao. Mama mkunga, karibu.

MKUNGA: Asante. Mama zangu, dada zangu, nanyi baba mlio karibu na redio, tuchukue mfano. Mama amevuka ziwa kutoka upande wa Fizi na mtoto wa wiki 3. Mume hajulikani aliko. Mtoto analia kila akiwekwa titini, maziwa hayatoki upesi. Jirani anamwambia: “Maziwa yako yameharibika kwa huzuni. Mpe mtoto chai ya sukari.” Mama anakubali. Siku chache baadaye mtoto anaharisha, na maziwa yanazidi kupungua.

Jirani alikuwa na nia njema, lakini alikosea. Huzuni haiharibu maziwa. Hofu na uchovu vinaweza kuyachelewesha kutoka, basi. Anayeyaita ni mtoto mwenyewe: kadiri anavyonyonya, ndivyo mwili unavyotengeneza mengine. Keti mahali penye utulivu, mkumbatie mtoto ngozi kwa ngozi, mnyonyeshe mara nyingi, usiku na mchana. Mpaka atimize miezi 6, maziwa yako yanamtosha. Hata maji hayahitaji.

Sasa tuje kwenye sahani ya mama. Mama mwenye njaa anaendelea kutoa maziwa, lakini mwili wake unachukua akiba yake wenyewe. Akipungukiwa damu anachoka, anakasirika upesi, kila kazi inamlemea. Na mwenye moyo mzito hatamani kula. Hivyo njaa inaongeza huzuni, na huzuni inaongeza njaa.

Mama anayenyonyesha anahitaji takriban kalori 500 zaidi kila siku, yaani kama mlo mdogo mmoja wa ziada. Najua mgao ni mdogo. Lakini kidogo tulicho nacho tukitumie vizuri. Ukipata ndagala wakavu, hata konzi moja, watie kwenye maharage na uwale wazima: wanajenga mwili, na mifupa yao inaimarisha mifupa yako. Lengalenga ni nzuri, na sombe iliyotwangwa na kuchemshwa sana. Mawese ya hapa Rumonge yana vitamini A katika wekundu wake; usiyachome mpaka yawe meupe. Kamulia limau kwenye maharage au mboga, linasaidia mwili kupata madini ya kuongeza damu. Chai ingoje kama saa moja baada ya kula, kwa sababu inazuia madini hayo. Na kunywa maji safi kila unaposikia kiu.

Baba, mama mkwe, nanyi nawaomba jambo moja. Mara nyingi mama anapakulia wote, yeye anabaki na ukoko. Mwekeeni sehemu yake kwanza. Kisha kaeni naye akila. Mtu mwenye huzuni anakula vizuri zaidi akiwa na mwenzake.

Machozi ya siku za kwanza baada ya kujifungua ni ya kawaida. Yakipita wiki 2, mama halali hata mtoto akilala, hataki kula, haoni furaha kwa mtoto wake, huo ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zenye kipato kidogo karibu mama 1 kati ya 5 anapata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua. Si uchawi, si uvivu, si aibu. Chakula kinasaidia, lakini peke yake hakitoshi. Mpelekeni kituo cha afya, aelezee hali yake, aulize pia juu ya vidonge vya kuongeza damu. Akisema anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, msimwache peke yake, mpelekeni siku hiyo hiyo.

Yule jirani angeweza kusema hivi: “Nipe ndoo nikuchotee maji. Wewe keti, kula, unyonyeshe.”

MTANGAZAJI: Swali la kuzungumzia katika vikundi vyenu: karibu na hema lako, ni mama gani anayekula wa mwisho, na leo utamfanyia nini?

(Muziki wa kufunga.)