Kazi ya Mkuu wa Mkoa: Maneno Yaliyosemwa Makorora, Tanga

Tumeombwa tuseme machache juu ya mtu ambaye Serikali Kuu humweka hapa Tanga asimame mahali pake, yaani Mkuu wa Mkoa. Jina hili si geni, walakini wengi wetu twalijua jina tu, kazi yenyewe hatuijui, na kutojua huko kwatutia hasara.

Sisi tunaoshika kalamu maofisini tumeyaona haya kwa macho. Mzee mmoja alikuwa na shauri la mpaka wa kiwanja. Akavaa kanzu yake safi, akaenda kuketi mlangoni pa mkubwa siku tatu, akiamini kwamba neno moja tu litamaliza shauri. Siku ya nne akaambiwa kwamba mashauri ya ardhi yana mabaraza yake, nayo huanzia katika kata. Aliporudi kwake akakuta jirani amekwisha kupanda minazi.

Pwani yetu imezoea watu wa kutumwa. Zamani za Sultani wa Unguja palikuwa na Liwali. Mwaka 1890 Wadachi waliinunua pwani kwa Sultani kwa marki milioni 4, wakaweka mkubwa wao bomani, na chini yake maakida, aghalabu watu wa pwani waliojua kusoma na kuandika, wakapelekwa kutawala hata watu wa bara wasio jamaa zao. Waingereza nao waliweka Mkuu wa Jimbo, na tangu zamani za Gavana Cameron, aliyefika mwaka 1925, wakatawala kwa mikono ya machifu. Tulipata Uhuru mwaka 1961. Mwaka 1962 Wakuu wa Majimbo wakaondoka, wakaja Wakuu wa Mikoa. Na mwaka 1963 mamlaka ya machifu yakakoma kwa sheria. Katika zamani za wageni, amri ilishuka upesi, bali neno la raia lilipanda kwa shida.

Sasa tutazame sheria ya leo. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 61, yasema kwamba kila mkoa utakuwa na Mkuu wake. Huku Bara humteua Rais baada ya kushauriana na Waziri Mkuu. Ng'ambo ya maji, Pemba na Unguja, huteuliwa na Rais wa Zanzibar baada ya kushauriana na Rais wa Muungano. Kazi yake ni kusimamia shughuli zote za Serikali Kuu katika mkoa. Na mkoa wetu una wilaya 8, tangu Mkinga na Pangani mpaka Lushoto na Kilindi. Huongoza kamati ya usalama na kamati ya ushauri ya mkoa, naye Katibu Tawala humshauri.

Walakini yeye si Halmashauri ya Jiji. Yeye huteuliwa, bali diwani wa Makorora twamchagua sisi wenyewe. Mwaka 1972 Serikali iliamua kuziondoa halmashauri, kazi zake zikaingia mikononi mwa mkoa na wilaya. Haikufaa: halmashauri za miji zilirudi mwaka 1978, na sheria za mwaka 1982 zikazirudisha na za vijijini. Basi soko, taka na mitaro ya mtaani, mwanzo wake ni kwa diwani.

Tena lipo jambo ambalo watu huliogopa. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 humpa Mkuu wa Mkoa uwezo wa kuamuru mtu akamatwe, ikiwa yu karibu kuvunja amani. Lakini mtu huyo hana budi kufikishwa mbele ya hakimu kabla ya saa 48 kupita, asipofikishwa, huachiliwa. Uwezo huu haukuwekwa ili kumnyamazisha mwenye kuuliza swali mkutanoni, na mkubwa autumiaye vibaya huwa ametenda kosa. Yafaa kila mwalimu awafundishe watu hesabu hiyo ya saa 48, maana mtu aijuaye haki yake hana haja ya kukimbia wala ya kutukana.

Wazee husema mjumbe hauawi. Nasi twaongeza kwamba mjumbe asiyepewa maneno hurudi mikono mitupu. Mkuu wa Mkoa ni mjumbe wa njia mbili: huleta neno la Serikali, naye apaswa kulichukua neno letu. Basi ajapo, tusimpigie vigelegele tu. Tumwambie ukweli, kwa adabu, kwa maandishi, na kwa tarehe zake. Na lile lisilo lake tulipeleke panapohusika, kabla minazi haijapandwa.

Hayo ndiyo machache tuliyokuwa nayo.